Kuikariri Mantra ya Gayatri: Maana, Matamshi na Utaratibu Wake

Mantra ya Gayatri, ubeti mtakatifu wa Kihindu unaokaririwa, ni fupi kiasi kwamba mwenye kumbukumbu nzuri huihifadhi kwa asubuhi moja, na pengine ufupi huo ndio unaowafanya watu wengi waihifadhi vibaya. Huisikia katika rekodi iliyopambwa kwa ala za muziki, huishika kwa sikio, kisha huanza kuihesabu kwa mamia kabla hawajajua neno lipi lina maana gani wala ulimi unapaswa kugusa wapi. Mwongozo huu unamhusu msomaji wa Kiswahili anayetaka kuanza kwa mpangilio, awe ni Mhindu kwa dini, mwanafunzi wa yoga, au mtu anayetaka tu kuelewa kinachosemwa. Naandika nikiwa na msimamo mmoja ambao ni vema niutaje mapema: mara 10 zilizotamkwa sawasawa, maana ikiwa akilini, zina thamani kuliko mara 108 za kukimbizana, na karibu kila shauri lililomo humu limetokana na msimamo huo.

Asili yake

Neno mantra limetokana na mzizi wa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, man, wenye maana ya kufikiri, ulioongezewa kiambishi tra kinachounda majina ya vifaa. Kama vile kufungua kunavyotuzalia ufunguo na kufagia kukatupatia ufagio, ndivyo kufikiri katika lugha hiyo kulivyozaa mantra, yaani chombo cha kufikiria. Ukariri wake wa kuhesabu huitwa japa, na kwa umbo unakaribiana sana na kile ambacho Kiswahili hukiita kuvuta uradi, ingawa dini ni nyingine na makusudio si yale yale.

Ubeti wenyewe umo katika Rigveda, mkusanyiko wa tenzi 1,028 uliogawanywa katika vitabu 10. Unapatikana katika kitabu cha 3, utenzi wa 62, ubeti wa 10, na kwa kuwa kitabu hicho ni cha ukoo wa Vishvamitra, mapokeo humtaja Vishvamitra kuwa ndiye mjuzi aliyeupokea. Kwa takriban miaka 3,000 umepokezanwa kwa mdomo, mwalimu akitamka na mwanafunzi akirudia, katika mapokeo ya ukariri wa Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu ambayo Rigveda ni mojawapo, mapokeo ambayo UNESCO iliyatangaza mwaka 2003 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi usioshikika wa binadamu, kisha mwaka 2008 ikayaingiza katika orodha yake ya urithi huo.

Jambo moja huwachanganya wengi. Gayatri kwa asili si jina la ubeti huu. Ni jina la bahari ya ushairi, yaani mpangilio wa mishororo na mizani, na Rigveda ina beti nyingi mno za bahari hiyo. Ubeti wetu huitwa pia Savitri, kwa sababu unamlenga mungu Savitar, lakini umaarufu wake ukaufanya utwae jina la bahari nzima. Msomaji aliyezoea ushairi wa Kiswahili ataielewa bahari hii papo hapo: ni tathlitha, mishororo mitatu, kila mshororo mizani 8, jumla mizani 24. Mizani 8 ndiyo ile ile ya mshororo wa utenzi, kwa hiyo mapigo yake si mageni masikioni mwetu. Katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 10, ubeti wa 35, mungu Krishna anasema kwamba miongoni mwa bahari za ushairi yeye ni Gayatri.

Haya ndiyo maneno yake, nikiwa nimeonyesha vokali ndefu za a, i na u kwa kuzirudia mara mbili:

Om bhuur bhuvah svah
tat savitur varenyam
bhargo devasya dhiimahi
dhiyo yo nah prachodayaat

Mwenye kuhesabu mizani atagundua kwamba mshororo unaoanza na tat una mizani 7, si 8. Hajakosea. Katika matamshi ya kale neno varenyam lilitamkwa vareniyam, likatimiza hesabu. Siku hizi wakariri wengi hutamka varenyam na kuuacha mshororo na upungufu wake, na wote wawili wana haki. Angalizo kwa mhesabu: vokali ndefu ya Kisanskriti, hata nikiiandika mara mbili, ni mizani moja, tofauti na neno letu kaa lenye mizani mbili.

Maneno na maana yake

Mstari wa juu kabisa haumo katika ubeti wa Rigveda na hauhesabiwi katika zile mizani 24. Om ni sauti takatifu ambayo Mandukya Upanishadi, andiko fupi la kale la falsafa ya Kihindu, inaichambua katika sehemu a, u na m, kisha inataja sehemu ya nne isiyo na sauti, ambayo ni ule ukimya unaobaki midomo ikishafumba. Bhuur, bhuvah na svah huitwa vyahriti, yaani matamko, nayo hutaja ardhi, anga la kati na mbingu. Matamko hayo matatu yameambatanishwa na ubeti huu katika Yajurveda, Veda nyingine, sura ya 36, na ndivyo mantra inavyokaririwa hadi leo.

Tafsiri yangu ya ubeti wenyewe ni hii: Na tuutafakari mng'ao ule bora wa mungu Savitar, ambaye azisukume fikra zetu.

Sasa tuufungue neno kwa neno, maana hapa ndipo penye utamu. Tat ni "ule". Savitur ni "wa Savitar", na jina hilo limetokana na mzizi wenye maana ya kusukuma na kuchochea. Savitar ni jua kwa upande wa nguvu yake ya kuamsha, nguvu inayowatoa ndege viotani na watu vitandani hata kabla duara lenyewe halijachomoza. Varenyam ni "unaostahili kuchaguliwa", kutoka kitenzi cha kuchagua. Bhargo ni mng'ao, devasya ni "wa mungu". Dhiimahi limewashughulisha wanasarufi: wapo wanaolirudisha kwenye kitenzi cha kutafakari, na wapo wanaolirudisha kwenye kitenzi cha kuweka au kupata, ili maana iwe "na tujipatie mng'ao huo" au "na tuuweke ndani yetu". Wakariri walio wengi hushika maana ya kwanza, nami nimeifuata, lakini si vibaya mtu akijua kwamba ya pili ipo, kwani kutafakari kitu na kukiweka ndani yako ni mambo yanayopakana.

Dhiyo ni "fikra", katika wingi. Yo ni "ambaye". Nah ni "zetu". Prachodayaat ni "azisukume mbele", "azihimize". Angalia jinsi ombi linavyolingana na jina la anayeombwa: Msukumaji anaombwa asukume.

Kuna nukta ya kisarufi ambayo mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kuifurahia kuliko wengine. Watu huuliza, kinachozisukuma fikra ni mng'ao au ni Savitar? Kisanskriti kina jibu katika upatanisho wake, kama ambavyo sisi tungejibu kwa ambao na ambaye. Neno la mng'ao liko katika jinsi isiyo ya kiume wala ya kike, ilhali yo ni kirejeshi cha kiume. Kwa hiyo kirejeshi hicho kinamrudia Savitar. Tunautazama mng'ao, lakini tunamwomba mwenye nao.

Na ombi ni moja tu. Rigveda haioni haya kuomba ng'ombe, wana, mvua na ushindi vitani, na tenzi zake nyingi huviomba waziwazi, ila ubeti huu hauombi chochote cha kushika mkononi. Isitoshe, unaomba kwa wingi. Mtu anaweza kuwa amekaa peke yake chumbani, mlango umefungwa, lakini anaposema nah anasema "zetu", na hakuna namna ya kuutamka ubeti huu kwa ajili ya nafsi yako pekee bila kuuharibu.

Ulimi wa Kiswahili na sauti za Kisanskriti

Sehemu hii nitaikalia zaidi, kwa kuwa miongozo mingi huandikwa kwa ajili ya wasemaji wa lugha nyingine na haisemi lolote kuhusu makosa tunayoyafanya sisi.

Kosa la kwanza na kubwa ni dh. Jicho letu likiona dh huisoma kama katika dhahabu au dhambi, ulimi ukiwa katikati ya meno na hewa ikivuma. Sauti hiyo haimo kabisa katika Kisanskriti. Dh ya dhiimahi na dhiyo ni d iliyotamkwa pamoja na pumzi: ulimi hugusa nyuma ya meno ya juu, hufunga, kisha huachia na pumzi ikitoka kwa nguvu kidogo. Ukitamka dhiyo kama mwanzo wa dhihaka, umetamka neno lisilokuwepo.

Bh ya bhuur, bhuvah na bhargo hufuata kanuni hiyo hiyo, na hapa kuna mtego mwingine uliojificha. B na d za Kiswahili, hasa kwa wasemaji waliozaliwa nayo, huelekea kuvutwa ndani kidogo wakati wa kutamkwa. Bh ya Kisanskriti inataka kinyume, yaani hewa itoke. Weka kiganja mbele ya midomo, umbali wa vidole vitatu hivi, utamke baba. Kiganja hakitahisi kitu cha kutajwa. Kisha tamka bhargo mpaka uhisi mpigo wa joto kwenye ngozi. Tahadhari usiigawe sauti hiyo ikawa bahargo au buhargo, kwa kuwa b na pumzi yake ni sauti moja. Wanaozungumza Kimvita wana faida hapa, kwani lahaja yao hutofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa pumzi inayoandamana na p ya huyo mnyama. Pumzi ya aina hiyo, ikihamishiwa kwenye b na d, ndiyo inayotakiwa.

Kosa la pili ni varenyam. Kwetu ny ni sauti moja, kama katika nyama. Katika neno hili ni sauti mbili: n inayotamkwa ncha ya ulimi ikiwa imekunjwa kuelekea kaakaa, halafu y. Kata polepole, va-ren-yam, kisha uziunganishe bila kuziyeyusha.

La tatu ni tabia yetu ya kuongeza vokali. Kiswahili hupenda kumaliza neno kwa vokali, kwa hiyo tat savitur hugeuka tati savituri na prachodayaat hupata i ya nyongeza mwishoni. Kila vokali ya nyongeza ni mizani ya nyongeza, na bahari huvunjika. Tat inaishia kwenye t, ulimi ukiwa umeganda pale pale. Svah nayo huanza na s inayofuatwa na v papo hapo, na v hiyo ikiwa baada ya konsonanti hukaribia w yetu, kwa hiyo mwanzo wake unafanana sana na swa ya swala.

H iliyoko mwishoni mwa svah na nah ni pumzi fupi, ambayo kwa desturi huacha mwangwi mdogo wa vokali iliyotangulia. Mwangwi huo usirefushwe. Ukisema svaahaa umetamka neno jingine kamili, lile linalosemwa wakati wa kutia sadaka motoni, na msikilizaji anayejua atainua kichwa.

Lipo na suala la mkazo. Tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na bila kujua huupeleka mkazo huo katika kila lugha. Katika Kisanskriti kinachotawala ni urefu: dhii ni ndefu, yaat ni ndefu, na e na o ni ndefu siku zote hata zikiandikwa mara moja. Sema prachodayaat kwa kuiacha yaat ichukue muda wake, usiikate ili uikaze da.

Wakariri wa Veda huongeza daraja tatu za sauti. Katika maandishi yenye alama, mstari mdogo chini ya silabi huishusha, mstari wa wima juu yake huipandisha, na silabi isiyo na alama hubaki katikati. Kwa mfano, katika devasya, de hushuka, va hukaa katikati, sya hupanda. Hayo hayafunzwi kwa maandishi. Mwenye nafasi ajifunze kwa mwalimu aliyepokea mapokeo hayo, na asiye na mwalimu akariri kwa sauti moja iliyonyooka, jambo ambalo ni heri kuliko kubuni mahadhi. Zile rekodi zenye filimbi na vinanda, ambazo huvuta neno moja kwa pumzi nzima, zina nafasi yake katika uimbaji wa ibada, lakini si shule ya matamshi.

Namna ya kuhifadhi ni ya kale, na sijaona iliyo bora zaidi. Paraskara Grihyasutra, miongozo ya kale ya ibada za nyumbani, inamwelekeza mwalimu ampe mwanafunzi ubeti huu kwanza mshororo kwa mshororo, kisha nusu kwa nusu, kisha wote kwa pamoja. Nusu ya kwanza ni mishororo miwili hadi dhiimahi, ya pili ni mshororo wa mwisho peke yake. Mtu akikaa na mshororo mmoja siku mbili tatu mpaka ulimi usisite, atakuwa na ubeti mzima ndani ya wiki mbili bila makosa ya kuja kufukuzana nayo baadaye.

Nani anaruhusiwa

Swali hili halikwepeki. Kwa desturi ya kale, ubeti huu ulitolewa katika upanayana, sherehe ya kuvishwa uzi mtakatifu na kukabidhiwa kwa mwalimu. Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, inaiweka sherehe hiyo katika mwaka wa 8 kwa mtoto wa brahmana (tabaka la makuhani), wa 11 kwa wa kshatriya (wapiganaji) na wa 12 kwa wa vaishya (wafanyabiashara na wakulima), ikihesabu tangu kutungwa mimba. Wanawake na watu wa shudra, tabaka la watumishi, waliachwa nje. Wapo wanaoshika desturi hiyo hadi leo, au wanaoshikilia kwamba mantra isiyopokewa kutoka kinywani mwa guru haijakamilika.

Kwa upande wa pili, wanamageuzi walipinga kizuizi hicho kwa nguvu. Arya Samaj, iliyoanzishwa na Dayananda Saraswati mwaka 1875 mjini Bombay, ilifundisha kwamba Veda ni za watu wote, wanawake kwa wanaume, na leo ubeti huu unakaririwa hadharani na mamilioni ya watu wasiowahi kuvishwa uzi. Mimi niko upande wa hao wa pili, ila nadhani mtu aliye mgeni katika nyumba ya ibada au mbele ya wazee wa ukoo fulani anapaswa kuuliza kwanza desturi yao. Anayeona uzito kuianza Gayatri bila mwalimu anaweza kuanza na Om Namah Shivaya, mantra fupi ya mungu Shiva, ambayo wengi huikariri bila masharti hayo, huku akitafuta wa kumfundisha.

Utaratibu wa ukariri

Wakati wake ni sandhya, yaani maungio ya siku: usiku unapokutana na mchana, adhuhuri, na mchana unapokutana na usiku. Anayeweza mara moja tu kwa siku achague alfajiri, kwa sababu ndio wakati wa Savitar mwenyewe. Manusmriti, katika sura ya 2, inasema alfajiri mtu akariri akiwa amesimama mpaka jua lionekane, na jioni akariri akiwa ameketi mpaka nyota zijitokeze vizuri. Asubuhi uso huelekea mashariki, jioni magharibi. Kusimama huko alfajiri kumesahauliwa na wengi, na ni hasara, maana ni dawa nzuri ya usingizi.

Oga, au angalau unawe uso, mikono na miguu, na usukutue. Tandika kitu cha kukalia, iwe mkeka au kitambaa cha sufu, usikae kwenye sakafu tupu. Mgongo uwe wima bila kukakamaa. Asiyeweza kukunja miguu akae kwenye kiti, nyayo zikiwa chini. Ibada kamili ya sandhya ina mambo mengine, kama kupiga mafunda ya maji kwa matamko maalumu, kulitolea jua maji kwa viganja, na kuzuia pumzi huku mantra ikipitishwa moyoni. Hayo ya kuzuia pumzi yasifanywe kwa kusoma tu. Mwenye moyo dhaifu au anayepata kizunguzungu asiyaguse.

Chagua idadi kabla hujaanza. Idadi za desturi ni 10, 28 na 108. Ukariri mmoja wa taratibu, pamoja na Om na vyahriti, huchukua kama sekunde 10, kwa hiyo mara 10 hazifiki dakika 2, na mara 108 ni kama dakika 18. Ukimaliza mara 108 ndani ya dakika 8, kuna silabi ulizozimeza.

Kwa mara 10 huhitaji tasbihi, mkono wa kulia unatosha. Kidole gumba kiguse pingili ya kati ya kidole cha pete, hiyo ni moja. Kishuke kwenye pingili ya chini ya kidole hicho hicho, mbili. Kiende kidole cha mwisho, pingili ya chini, tatu, kipande hadi ya kati, nne, na hadi ya juu, tano. Kivuke juu ya kidole cha pete, sita, juu ya kidole cha kati, saba, juu ya kidole cha shahada, nane, kisha kishuke pingili ya kati ya kidole hicho, tisa, na ya chini, kumi. Pingili mbili za kidole cha kati zinabaki hazijaguswa, nazo huzungukwa kama mlima. Baada ya siku chache kidole gumba kitazunguka chenyewe, na mkono wa kushoto unaweza kutunza idadi ya makumi.

Kwa mara 108 hutumika tasbihi iitwayo mala, yenye shanga 108 na moja kubwa zaidi inayoitwa meru. Waabudu wa Shiva hupendelea kokwa za rudraksha, wa Vishnu shanga za mti wa tulsi, na wengine hutumia shanga za kioo cha mawe. Itundike juu ya kidole cha kati cha mkono wa kulia, uvute ushanga mmoja kuelekea kwako kwa kidole gumba baada ya kila ukariri, na kidole cha shahada ukiweke mbali kabisa, kwa kuwa ni kidole cha kunyooshea na kulaumia. Ukifika kwenye meru usiivuke. Geuza tasbihi na urudi ulikotoka. Wengine huificha mala ndani ya mfuko wa kitambaa uitwao gomukhi, mdomo wa ng'ombe, ili mkono ufanye kazi bila kuonwa.

Sauti ina ngazi tatu. Ya kwanza ni ya kusikika, ya pili ni ya kunong'ona ambapo midomo inacheza lakini aliye kando hasikii, na ya tatu ni ya moyoni. Manusmriti inaipa ya kunong'ona daraja ya juu kuliko ya kusikika, na ya moyoni daraja ya juu kuliko zote. Anayeanza asikimbilie daraja hiyo. Moyoni hakuna anayesahihisha dh yako, na akili iliyoachwa kimya huondoka upesi. Kariri kwa sauti mpaka matamshi yatulie, kisha unong'one, na ngazi ya tatu uiachie wakati wake.

Gawa mantra kwa vituo vitano: baada ya Om, baada ya svah, baada ya varenyam, baada ya dhiimahi, na mwishoni. Vituo visiwe virefu, ni kiasi cha kuitenga sehemu moja na nyingine. Mwenye pumzi ndefu anaweza kuipitisha yote kwa pumzi moja, wengine wavute pumzi baada ya svah na baada ya dhiimahi, bila kukata neno katikati.

Akili itatoroka, na hilo lisikushangaze. Nimewahi kushtuka kidole gumba kimegonga meru ilhali sikumbuki hata ukariri mmoja baada ya ule wa ishirini hivi. Kilichonisaidia ni kukipa kila kituo kazi. Kwenye bhuur nahisi uzito wa mwili juu ya mkeka, kwenye bhuvah pumzi inayopita puani, kwenye svah naelekeza macho yaliyofumbwa kule kwenye mwanga. Bhargo inapopita naliona duara la jua la asubuhi, kabla halijawa kali. Kwenye nah namkumbuka mtu mmoja mbali na mimi, na mara nyingi ni yule niliyegombana naye jana yake. Nikipoteza hesabu sirudi mwanzo. Naendelea na ushanga ulio mkononi.

Wapo wanaodai kwamba kila silabi ya mantra hii huamsha tezi fulani mwilini au kuponya ugonjwa fulani. Ubeti wenyewe hausemi hivyo, na mgonjwa asiache dawa kwa sababu hiyo. Sauti ikikwaruza, ishushe na unong'one.

Siku ukiikosa alfajiri kwa safari au ugonjwa, usijilipishe mara 216 siku inayofuata; kariri mara 10 jioni hiyo hiyo, umeketi, uso magharibi. Ukimaliza, kaa kwa muda wa pumzi tatu nne bila kutamka chochote, kwa sababu sehemu ya nne ya Om ndiyo hiyo, kisha irudishe mala mfukoni mwake.